Mgomba uliodumaa: panga halina kosa

Anayelima migomba bonde la Ruzizi, mashariki mwa Kongo, au anayenunua machipukizi huko na kuyapandisha Bukavu, ameshasikia maneno haya juu ya ugonjwa unaodumaza migomba (kwa Kiingereza "bunchy top").

"Ni ule ule mnyauko." Sivyo, na hili ndilo kosa linalotugharimu zaidi. Mnyauko, ulioonekana Masisi mwaka 2001, ni wa bakteria: ndizi huiva kabla ya wakati, ukikata shina hutoka ute wa manjano, na panga huusambaza. Ndiyo maana tulihimizwa kuosha panga kwa javeli, ile dawa ya kung'arishia nguo. Ugonjwa huu mwingine, unaojulikana Kongo tangu miaka ya 1950, ni wa virusi. Majani mapya hutoka mafupi na membamba, yakasimama wima na kusongamana juu, kingo zimegeuka manjano. Geuza jani, chunguza kikonyo chake na upande wa chini wa uti wa kati: kuna vistari na nukta za kijani kilichokolea, zimefuatana. Wanaoeneza virusi ni vidukari, wadudu wadogo wa kahawia iliyokolea wanaojificha chini ya shina na ndani ya jani ambalo halijafunguka. Nasi wenyewe twasaidia, tunapopeana machipukizi. Hapo, javeli yote ya soko la Kadutu haifui dafu.

"Mama yake mgonjwa, ila chipukizi hili ni zima." Shina na machipukizi yake hushiriki tunguu moja, yaani kile kishina kinene cha chini ya ardhi, na virusi hupita humo. Chipukizi laweza kukaa wiki kadhaa bila dalili yoyote. Muuzaji wala hakudanganyi. Naye haoni kitu.

"Nimekata, yamekwisha." Ukikata juu tu, tunguu litachipua tena, na kinachochipua ni kigonjwa. Tena ukitikisa mgomba wenye vidukari, wenye mabawa wanahamia kwa jirani. Kwanza waue vidukari kwa dawa ya wadudu, ndipo ung'oe tunguu lote na kulikatakata. Ni kazi ya jasho, najua. Dawa ya kuponya mgomba wenyewe haipo.

"Mche wa maabara haugonjwi." Huo umeanza safi, basi. Haukuchanjwa; ukiupanda kando ya mgomba mgonjwa, vidukari wataufikia.

"Kasiksi yake, ile pombe ya ndizi, inadhuru." Virusi hivi havimwambukizi mtu. Isitoshe, mgomba ulioambukizwa ungali mdogo kwa kawaida hauzai mkungu. Sijui hiyo kasiksi ingekamuliwa na nini.