Kovu Limeonekana Kwenye Figo, Sasa Tuulize Limetoka Wapi

Ripoti ya biopsi ya figo (kipimo cha kipande kidogo cha figo) ikirudi imeandikwa FSGS, yaani makovu yaliyokaa sehemu tu ya baadhi ya vichujio vya figo, mgonjwa na ndugu zake hushusha pumzi: ugonjwa umejulikana, tupewe dawa. Kwangu mimi hapo ndiyo kwanza kazi inaanza. FSGS inaeleza tu jinsi kovu lilivyokaa, na kovu la namna hiyo huletwa na mambo mengi yasiyohusiana.

Kila figo ina vichujio vinavyokaribia milioni moja, yaani glomeruli. Kila kimoja ni kifundo cha mishipa midogo mno ya damu, iliyokumbatiwa kwa nje na seli ziitwazo podosaiti. Seli hizi zina vimiguu vilivyopishana kama vidole vya mikono miwili iliyoshikana. Maji na taka hupenya katikati yake, protini hubaki kwenye damu. Podosaiti zikifa, mwili hauna namna nzuri ya kuzirudisha. Zilizobaki hujitanua kufunika pengo, zikizidiwa nazo hung'oka, na palipoachwa wazi hujengeka kovu.

Kwenye darubini unaona kichujio kimoja, upande huu mishipa iko wazi kabisa, upande ule pamekuwa bonge gumu lililogandamana na ukuta. Kichujio cha jirani hakina doa. Ndiyo maana biopsi inaweza kutupiga chenga: sindano huchukua vipande vyembamba vyenye vichujio vichache, labda kumi au ishirini, na makovu hupenda kuanzia vile vilivyo ndani zaidi. Ukivikosa hivyo, ripoti itakuja safi huku mkojo ukiendelea kutoa povu.

Povu lisilokatika, uso uliovimba asubuhi, soksi zinazoacha alama miguuni jioni: hizo ndizo dalili. Kreatinini, taka ya damu inayopimwa kujua kazi ya figo, wakati huo inaweza kuwa ya kawaida, na mtu akaambiwa figo zake ni nzima. Omba mkojo upimwe protini.

Sasa, kovu limetoka wapi? Kwa wengine kuna kitu kwenye damu kinachoshambulia podosaiti zenyewe. Protini humwagika kupita gramu 3.5 kwa siku, albumini, protini kuu ya damu, hushuka, mwili huvimba ghafla. Hawa tunawapa prednisolone, dawa ya steroidi ya kutuliza kinga ya mwili, dozi kubwa, pengine hadi wiki 16, na ikigoma tunahamia takrolimasi au saiklosporini, nazo za kutuliza kinga. Kwa wengine figo imebebeshwa kazi kupita uwezo wake: unene, sikoseli, kuzaliwa na figo moja. VVU navyo huleta aina kali ambapo kichujio husinyaa chote, na dawa yake ya kwanza ni ARV.

Hunikera kuona mgonjwa mnene sana, asiyevimba, protini imepanda taratibu kwa miaka, kaanzishiwa prednisolone kwa sababu tu karatasi imeandikwa FSGS. Atapata sukari na mifupa dhaifu, kovu litabaki pale pale. Huyu anahitaji dawa ya presha kama enalapril au losartan, presha ishuke, chumvi ipungue, na uzito pia.

Halafu kuna jeni. Mwaka 2010 watafiti walionyesha kwamba aina mbili za jeni ya APOL1, zinazopatikana kwa wingi Afrika Magharibi na kwa Wamarekani weusi, huongeza sana hatari ya FSGS kwa aliyezirithi kwa baba na kwa mama. Protini ya jeni hiyo huua vimelea vya malale, na inaelekea ndiyo sababu aina hizo zilienea. Si kila aliyezirithi huugua. Dawa ya inaxaplin, inayoilenga APOL1 yenyewe, ilipunguza protini ya mkojo kwa karibu nusu ndani ya wiki 13 katika utafiti mdogo uliochapishwa 2023. Nami naifuatilia kwa hamu.

Figo zikishindwa kabisa, asili ya kovu bado ina maana. Ile inayotokana na kitu kilicho kwenye damu inaweza kurudi kwenye figo mpya, wakati mwingine saa chache tu baada ya upasuaji. Ile ya kurithi hurudi kwa nadra, lakini ndugu anayejitolea huenda naye ana jeni hiyo hiyo. Mchezaji wa kikapu Sean Elliott alipewa figo na kaka yake mwaka 1999 kwa ugonjwa huu, akarejea uwanjani mwaka uliofuata. Siku hizi kaka kama huyo, pale jeni inaposhukiwa, tunataka apimwe jeni kabla hatujagusa figo yake.