Maumivu ya Mgongo: Lini Uende Zahanati, na Lini Usisubiri Kukuche

Mvua za Dodoma huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, na mashamba ya mtama, uwele na karanga yakishaanza kulimwa kwa jembe la mkono, kiuno huwa gumzo katika nyumba nyingi. Maswali yafuatayo ndiyo yanayojirudia sana wakati huo.

Swali: Nimelima siku mbili mfululizo na leo siwezi kuinama. Je, niende hospitali?

Jibu: Kwa kawaida hakuna haraka hiyo. Maumivu mengi ya kiuno yanayokuja baada ya kulima, kubeba ndoo za maji au kupakia magunia hutokana na misuli na kano zilizovutika, na sehemu kubwa ya watu hupata nafuu ndani ya wiki 6. Kanda kwa maji ya moto, punguza mizigo, lakini endelea kutembea na kufanya kazi nyepesi, kwa sababu kulala kitandani siku nyingi huukaza mgongo na kuchelewesha kupona. Dawa kama diklofenaki na ibuprofeni hutuliza, ila zinaweza kuleta vidonda vya tumbo na kuumiza figo, hasa kwa wazee na kwa wenye presha. Mjamzito asizitumie bila kuandikiwa na mtaalamu. Nieleze wazi kwamba siipendi desturi ya kuchomwa sindano ya diklofenaki kila maumivu yanaporudi: inanyamazisha dalili huku chanzo chake kikiachwa bila kuchunguzwa. Wiki 6 zikipita bila nafuu, au maumivu yakizidi badala ya kupungua, nenda zahanati.

Swali: Lakini maumivu yakiwa makali sana, si hiyo yenyewe ni dalili ya hatari?

Jibu: Si lazima. Msuli uliokaza unaweza kumtoa mtu mzima machozi na bado ukapona wenyewe, ilhali ugonjwa unaokula pingili za mgongo unaweza kuanza kama uchungu mdogo ambao mtu huuzoea kwa miezi. Kinachotakiwa kuangaliwa zaidi ni mambo yanayofuatana na maumivu hayo.

Swali: Ni dalili zipi zisizongoja asubuhi?

Jibu: Mwishoni mwa uti wa mgongo kuna fungu la mishipa ya fahamu inayoendesha miguu, kibofu na haja kubwa. Diski (mto laini ulio kati ya pingili) iliyochomoza, uvimbe au usaha vikilibana fungu hilo, mgonjwa huweza kushindwa kukojoa ingawa kibofu kimejaa, au mkojo na haja kubwa vikamtoka bila kujua. Mguu mmoja au yote miwili hulegea, na ganzi hushika sehemu zile zinazogusa tandiko mtu anapopanda baiskeli. Wagonjwa wengi huona aibu kulitaja jambo hili, kwa hiyo jiulize mwenyewe: unapojisafisha chooni, unahisi mkono wako kama siku zote? Kama huhisi, safari ya hospitali ni usiku huohuo, kwa sababu mishipa hiyo ikibanwa muda mrefu inaweza isirudi katika hali yake hata baada ya upasuaji.

Swali: Nilikwenda kwa sababu ya mgongo, nikaulizwa habari za kikohozi na maziwa mabichi. Vinahusianaje?

Jibu: Vinahusiana sana, hasa katika eneo la wafugaji kama letu. Kifua kikuu hakikai mapafuni tu. Vimelea vyake husafiri kwa damu na kuweza kutua kwenye pingili za mgongo, wakati mwingine bila mgonjwa kukohoa hata kidogo. Daktari mpasuaji wa Uingereza, Percivall Pott, aliuandika ugonjwa huu mwaka 1779. Maumivu huongezeka polepole, usiku hayampi mtu nafuu, nguo hulowa jasho, uzito hupungua, na kwa aliyechelewa mgongo huweza kutokeza kibiongo au miguu kupooza. Anayeishi na virusi vya UKIMWI, au aliyeishi nyumba moja na mgonjwa wa kifua kikuu, asisubiri wiki 6 zile. Dawa hutolewa bila malipo, na kwa kifua kikuu cha mifupa humezwa kwa muda mrefu kuliko miezi 6 ya kile cha mapafu.

Maziwa yasiyochemshwa, pamoja na kumzalisha ng'ombe au mbuzi aliyetupa mimba kwa mikono mitupu, huweza kuleta brusela. Dalili zake ni homa inayokuja na kuondoka, jasho, uchovu, na maumivu ya viungo na kiuno. Hufanana na malaria, ndiyo maana mtu huweza kupewa dawa za malaria mara kadhaa bila nafuu. Mtajie mtoa huduma habari za mifugo yako hata kama hajauliza.

Swali: Watu husema kiuno kikiuma ni figo. Ni kweli?

Jibu: Mara chache. Figo huuma zaidi upande mmoja, chini ya mbavu, na maambukizi yake huja na homa, kutetemeka, kutapika au mkojo unaochoma. Hali hiyo inahitaji kupimwa siku hiyohiyo.

Swali: Ndugu yetu ameanguka na bodaboda na analalamika mgongo. Tumfikisheje hospitali?

Jibu: Msimkalishe, na kwa vyovyote msimpakie mshikaki, mmoja mbele na mwingine nyuma akimshikilia. Pingili iliyovunjika ikisogea inaweza kukata mishipa iliyokuwa bado mizima. Kichwa, shingo na kiwiliwili viwe kwenye mstari mmoja. Watu kadhaa wamgeuze kwa pamoja na kumlaza juu ya ubao au mlango uliong'olewa, kisha itafutwe gari ambamo atalala chali.

Kwa mzee, hasa mwanamke, hata kuteleza bafuni kunaweza kuvunja pingili, kwa kuwa mifupa imepungua uimara.

Swali: Nianze kwa kupiga eksirei?

Jibu: Anzia zahanati au kituo cha afya, upimwe nguvu za miguu na hisia kabla ya picha yoyote. Eksirei huonyesha mifupa, haionyeshi mishipa ya fahamu wala diski. Hizo huonekana kwa MRI, kipimo cha hospitali kubwa kama Benjamin Mkapa hapa Dodoma, na mara nyingi utakifikia kwa rufaa. Ukienda, sema maumivu yalianza lini, dawa zote ulizotumia zikiwemo za mitishamba, na kama uliwahi kutibiwa saratani, kwa sababu saratani ya matiti na ya tezi dume huweza kuhamia kwenye mgongo miaka mingi baada ya matibabu.