Maandamano si uasi, na taarifa si ombi la kibali

Dawati letu la elimu kwa umma hapa Nairobi limekuwa likipokea barua za aina mbili: wanaoomba "kibali cha maandamano", na wanaotaka waandamanaji washtakiwe kwa uasi. Wote wanastahili jibu.

Maandamano yametokana na kuandama, yaani kufuata. Kuandamana ni watu kufuatana, na maharusi huandamana pia. Maana ya kupinga watawala neno limeipata barabarani: mwaka 1922 umati ulipokusanyika kituo cha polisi Nairobi kudai Harry Thuku, mpinzani wa utawala wa kikoloni, aachiliwe, na tena uwanja wa Kamukunji, Saba Saba (7 Julai) ya 1990, mkutano wa kudai vyama vingi ulipopigwa marufuku. Uasi ni neno lenye asili ya Kiarabu, la kukataa kutii: mtoto huwaasi wazazi, mja humwasi Mungu. Mwananchi anayeandamana kwa amani bila silaha hajamwasi yeyote. Anatumia Kifungu cha 37 cha Katiba, kinachompa haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha, na tumeshalieleza hili mara nyingi mno.

Kuhusu kibali: sharti la leseni liliondolewa mwaka 1997. Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura ya 56, sasa inadai taarifa tu. Mwandalizi humpelekea OCS (mkuu wa kituo cha polisi) wa eneo husika taarifa hiyo kwa maandishi, si chini ya siku 3 wala zaidi ya siku 14 kabla ya tarehe yenyewe. Aandike majina yake kamili, anwani ya mahali anapopatikana, tarehe, saa (kati ya saa 12 asubuhi na saa 12 jioni), na mahali au njia itakayopitwa. "Katikati ya jiji" si njia. Taja barabara moja baada ya nyingine. Beba nakala mbili, moja igongwe muhuri ubaki nayo. Siku yenyewe mwandalizi au wakala wake awepo mwanzo hadi mwisho, akisaidiana na polisi kudumisha utulivu.

Anayeshiriki mkusanyiko uliohesabiwa kuwa haramu anaweza kufungwa hadi mwaka 1. Kwa kesi iliyo mahakamani, muone wakili. Makala haya hayatoshi.

OCS akiwa tayari amepokea taarifa ya kundi jingine kwa mahali, siku na saa hiyo hiyo, anatakiwa akujulishe mara moja, nawe unaweza kupendekeza tarehe nyingine.