Kwa Nini Kovu la Uso Huonekana Baya Zaidi Mwezi wa Pili Kuliko Siku ya Kutoa Nyuzi?

Mama mdogo wangu, mkazi wa Mikindani, Mtwara, ambaye ana ualbino, aliondolewa saratani ndogo ya ngozi kwenye ukingo wa tundu la pua, na pengo lililobaki likafunikwa kwa ngozi iliyosogezwa kutoka shavuni. Siku ya sita, nyuzi zilipotolewa, mshono ulikuwa mwembamba kama unywele, na kila aliyemwona alimpa hongera. Wiki saba baadaye alinipigia simu usiku. "Mwanangu, njoo unitazame. Pua imetuna kama mtu amenitia nusu korosho chini ya ngozi." Nilimkuta asubuhi barazani, kioo kidogo mkononi. Kiraka kilikuwa kimeinuka na kuwa duara, kigumu kidogo ukikigusa, na ule mshono uliokuwa hauonekani ulikuwa mwekundu, umezama pembeni mwa kiraka kama mfereji.

Nilimwambia bila kusita kwamba kidonda kimeingia uchafu au mshono ulifanywa vibaya. Jirani aliyekuwapo alisema ni dagaa, kwa kuwa mgonjwa alizila kabla ya siku arobaini. Sote wawili tulikosea, na kwa kuwa fikra hizi nimezikuta tena Lindi mjini na Newala, zinastahili kujibiwa moja moja.

Kidonda kilichoingia vijidudu huwa na dalili zake: joto, maumivu yanayozidi, usaha, harufu, pengine homa, na kwa kawaida hujitokeza katika siku au wiki za mwanzo. Mwenye dalili hizo anapaswa kurudi hospitali siku hiyohiyo. Kiraka cha mama mdogo hakikuwa na hata moja. Kilikuwa kikimwasha tu. Kuhusu dagaa, hakuna ushahidi kwamba samaki, mayai au maharage huinua kovu. Kinyume chake, mwili huhitaji protini ili kujenga kovu, na mwiko wa kumnyima mgonjwa vyakula hivyo unaweza kumchelewesha kupona. Kuhusu mshono, ni kweli kwamba kazi mbaya ipo, lakini huonekana mapema: kingo mbili zisizolingana kimo, au ngozi iliyovutwa mpaka ikapauka. Mshono uliokaa vizuri siku ya sita haugeuki kuwa mbaya wiki ya saba kwa kosa la aliyeshona.

Kosa letu kubwa zaidi, hata hivyo, lilitangulia simu ile. Tulidhani siku ya kutoa nyuzi ndiyo siku ya matokeo. Mwishoni mwa wiki ya kwanza, kiungo kati ya kingo mbili za ngozi kina takribani asilimia 3 tu ya nguvu ya ngozi nzima. Wiki ya tatu hufikia karibu asilimia 30, na baada ya miezi mitatu au zaidi hukaribia asilimia 80, kisha hapo husimama maisha yote. Kwa hiyo tulichokuwa tukikisifu siku ya sita hakikuwa kovu bado. Zilikuwa kingo mbili zilizolazwa pamoja, zikisubiri kazi ianze.

Upasuaji wenyewe nitaueleza kwa ufupi. Kuna kupandikiza ngozi, ambako kipande hukatwa kabisa na kuwekwa mahali pengine kitafute damu mpya, kama kikonyo cha mkorosho bora kinavyopachikwa kwenye mche mwingine. Kuna pia njia ambayo wapasuaji huiita flapu, ambamo ngozi huinuliwa na kugeuzwa ikiwa bado imeshikana na shina lenye mishipa yake ya damu. Hiyo ni kama rando la kiazi kitamu linalolazwa kwenye tuta la jirani bila kukatwa kwa mama yake: linaendelea kunyonya kule lilikotoka hadi liote mizizi kule lilikofika. Flapu ya paji la uso, inayotumika kujenga pua, kwa kawaida huachwa na shina lake kwa takribani wiki tatu kabla halijakatwa. Ujuzi huo ni wa kale nchini India, na Ulaya uliamsha shauku baada ya jarida moja la London kuueleza mwaka 1794.

Sasa turudi kwenye mwezi wa pili. Mvuvi wa ghuba ya Mikindani ambaye wavu wake umechanwa na miamba hautupi. Akiwa bado baharini huufunga kwa uzi wowote alio nao, mafundo makubwa, ovyo ovyo, ilimradi samaki wasipite. Sehemu hiyo huwa nene na hukunja macho ya wavu yaliyo karibu nayo. Akishafika pwani, hukaa chini ya kivuli na kulifumua fundo moja baada ya jingine, akisuka upya kwa uzi unaofaa. Mwili hufanya vivyo hivyo. Katika wiki za mwanzo hulundika nyuzi za kolajeni (protini inayoipa ngozi nguvu) ya aina ya tatu, nyembamba na zisizo na mpangilio, kisha polepole huzivunja na kuweka kolajeni ya aina ya kwanza, nene na iliyolala kufuata mvuto wa ngozi. Mwezi wa pili ndio wakati ambao mafundo yamejaa na kufumua ndiko kwanza kunaanza. Mishipa midogo ya damu ni mingi, ndiyo maana kovu ni jekundu. Kolajeni imerundikana, ndiyo maana ni gumu. Kazi ya kusuka upya huendelea kwa miezi 12 hadi 18.

Hayo yanaeleza wekundu na ugumu, lakini hayaelezi kwa nini kiraka kilituna. Hapa ndipo penye jambo ambalo hadi leo linanivutia sana. Kovu changa lina seli zinazoitwa miofibroblasti, ambazo kazi yake ni kuvuta. Kovu lililonyooka likivutwa hufupika tu kidogo. Lakini kovu la flapu mara nyingi limepinda kama herufi U, na mstari uliopinda hauna namna ya kufupika bila kujikaza kuelekea ndani. Nilimweleza mama mdogo kwa kifuko chake cha sarafu, chenye uzi mdomoni. Tulikilaza mezani, tukakitia kiganja cha mchele, nikauvuta uzi polepole. Mdomo ulipokaza, mchele ulisogea katikati na kitambaa kikainuka. "Kumbe uzi ndio umefupika, mchele haujaongezeka," alisema, na hivyo ndivyo ilivyo. Nyama ya kiraka haikuongezeka. Mpaka wake ndio uliojikaza.

Mvuto huo hauko peke yake. Mpasuaji anapoichonga flapu hukata pia mirija midogo ya limfu, ile inayoondoa maji kwenye ngozi, na kovu lililoizunguka flapu pande tatu huyachelewesha maji hayo kutoka. Wengine hutaja mafuta mengi yaliyobaki chini ya ngozi, au flapu iliyo kubwa kuliko pengo lake. Hakuna sababu moja iliyothibitishwa kuwa ndiyo kuu, na huenda uzito wa kila moja hutofautiana kati ya mgonjwa na mgonjwa. Kinachojulikana vizuri ni kwamba flapu ndogo, za mviringo, na hasa zile zinazotoka kwenye mkunjo wa shavu kuja puani, ndizo hutuna zaidi, na kwamba nyingi hushuka zenyewe miezi inapopita. Zisiposhuka, mpasuaji anaweza kuchoma sindano ya steroidi (dawa ya kupunguza uvimbe), kupunguza mafuta, au kuuvunja ule mstari wa duara kwa mikato ya pembe ili uzi usiwe na mahali pa kukaza. Sindano hiyo ina gharama yake, kwa kuwa inaweza kukondesha ngozi na kuifanya ipauke. Kusugua kovu kwa vidole hushauriwa sana, na jeli ya silikoni pia, lakini ushahidi wa vyote viwili ni dhaifu kuliko sifa zake.

Basi kovu la namna hii hupimwaje, na lini? Kipimo kinachojulikana sana kilichapishwa mwaka 1990 na kimepewa jina la Vancouver, Canada. Kilitengenezwa kwa makovu ya moto, na humtaka mpimaji atoe alama kwa mambo manne: wekundu, rangi, ulaini na kimo, jumla ikiwa kati ya 0 na 13. Ni kipimo chepesi na muhimu, lakini kwa uso kina upungufu mkubwa. Hakiulizi kama kope la chini limevutwa likageuka nje, kama tundu la pua limebana, wala kama mdomo umepinda mtu anapocheka. Tena wekundu huonekana wazi kwenye ngozi ya mama mdogo, ilhali kwenye ngozi nyeusi hufunikwa na rangi na hujitokeza kama weusi au uzambarau. Wagonjwa wawili wenye kovu changa la kiwango kilekile wanaweza kupewa alama tofauti kwa sababu hiyo tu, ndiyo maana kidole cha mpimaji na mwasho anaousikia mgonjwa vina thamani kubwa kwetu kuliko jicho peke yake.

Upungufu mwingine ni kwamba kipimo kile hakimuulizi mwenye uso. Mwaka 2004 watafiti wa Uholanzi walichapisha kipimo chenye karatasi mbili, ya mpimaji na ya mgonjwa, ya mgonjwa ikiwa na maswali sita, kila swali likiwa na alama 1 hadi 10, ambapo 1 ni sawa na ngozi ya kawaida. Mgonjwa huulizwa kuhusu maumivu, mwasho, rangi, ugumu, unene na usawa wa kovu. Sisi wa huku tulipaswa kuwa wa kwanza kuelewa umuhimu wa karatasi ya pili. Mabibi wa Kimakonde wa uwanda wa Newala walichanjwa chale usoni na kupakwa masizi, na mistari hiyo imebaki wazi kwa miongo mingi. Vinyago vya mapiko, vinavyovaliwa katika ngoma, viliwekewa nta ya nyuki ili kuionyesha. Kwa kipimo cha kimo na rangi chale hizo zingepata alama mbaya. Waliozibeba waliziona kuwa urembo na utambulisho.

Kuhusu wakati, alama za miezi ya mwanzo husaidia kufuatilia mwenendo, lakini uamuzi wa kurekebisha umbo mara nyingi huachwa hadi miezi 6 au 12 ipite. Isipokuwa pale kovu linapozuia kazi: jicho lisilofumba haliwezi kungoja, kwa sababu kioo chake kitakauka na kuumia.

Uko upande mwingine wa jambo hili ambao sikuutarajia. Mwaka 1985 wapasuaji wawili wa Marekani, Gary Burget na Frederick Menick, waliandika kwamba pua ina maeneo yake yenye mipaka ya kivuli na mwanga, na kwamba pengo likichukua zaidi ya nusu ya eneo, mara nyingi ni bora kuondoa ngozi iliyobaki na kulifunika eneo lote, ili kovu lilale mpakani. Kovu huwa refu zaidi, lakini jicho la mtazamaji hulipita. Tena ukingo wa tundu la pua kwa asili ni wa mviringo, uliotuna. Flapu ikijaza eneo hilo lote, kule kujikaza kwa uzi huisukuma ichukue umbo la pua yenyewe.

Mama mdogo alijaza karatasi yake mwezi wa kumi na mbili. Kiraka kilikuwa kimeshuka, mfereji umejaa, wekundu umebaki kama kivuli. Kwa ugumu, daktari aliandika 2. Yeye aliandika 4. Daktari alipomuuliza sababu alijibu, "Wewe umenibonyeza nimetulia, baba. Mimi kila jioni napuliza mkaa, na hapo ndipo pua inaponivuta."