Mjumbe wa bodi ya shule hana rungu

Wazazi wengi Marekani, wakiwemo ndugu zetu waliohamia huko, huamini mjumbe wa bodi ya shule, yaani bodi inayosimamia shule za umma za eneo zima, anaweza kumpigia simu mwalimu mkuu na kumwamuru. Hawezi. Los Angeles wajumbe ni 7, wote wa kuchaguliwa, lakini mmoja peke yake hana amri yoyote. Nguvu iko kwenye kura 4, ndani ya kikao cha wazi. Sheria ya California, jimbo lenye Los Angeles, inataka ajenda ya kikao cha kawaida ibandikwe saa 72 kabla, na mzazi ana haki ya kusema. Bodi hupitisha bajeti na sera, humwajiri msimamizi mkuu wa shule hizo zote. Huyo ndiye bosi wa walimu wakuu.