Mbona hawaji kupima? Maswali ya afya kazini, Mwanza

Kiwandani kwetu tunakata minofu ya sangara. Uongozi umeleta upimaji wa presha na sukari, pamoja na mazoezi ya jioni, vyote bure. Wanaokuja ni wale wale. Tumekosea wapi?

Angalieni saa kwanza. Mtu amesimama zamu nzima na mabuti ya mpira kwenye sakafu yenye maji, vidole vimekufa ganzi kwa baridi ya samaki. Ukimwambia abaki saa moja kuruka kamba, atakutazama tu. Mawazo yake yako kwenye daladala ya Igoma na mtoto aliyemwacha kwa jirani. Mazoezi yakiwekwa ndani ya saa za kazi, hata dakika 20, mtawaona.

Wengine wanaogopa majibu yasifike ofisini. Wana sababu?

Wanayo, tena kwa maoni yangu hofu hii inafukuza wengi kuliko uvivu tunaowasingizia. Niliwahi kushuhudia upimaji kwenye bwalo la chakula, meza moja, foleni nyuma yake. Mpimaji akasoma kwa sauti: "Mia na sabini kwa mia na kumi!" Foleni nzima ikageuka. Wa nne kutoka mbele akakumbuka ghafla kwamba ameacha kazi mezani, hakurudi.

Tafuteni chumba chenye mlango. Mpimaji atoke nje ya kampuni, na ofisi ipewe idadi tu, bila majina. Kama mtapima na VVU, wakumbusheni mapema kwamba kwa sheria ya mwaka 2008 upimaji huo ni wa hiari na majibu ni siri.

Tukitoa zawadi?

Zinasaidia kidogo. Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kilijaribu kwa wafanyakazi wake mwaka 2016. Wasioahidiwa fedha walijitokeza kupima 47 katika kila 100. Walioahidiwa dola 100 walifika 59, na wa dola 200 wakaishia 63. Tena waliojiunga walikuwa na gharama ndogo za matibabu tangu mwanzo kuliko waliokaa pembeni. Kwa hiyo fulana yenye nembo ya kampuni itamvuta zaidi yule ambaye hamkuwa na wasiwasi naye.

Tupime nini?

Waulizeni wenyewe. Presha isikosekane, maana mtu hufika 140 kwa 90 na kupita bila kuumwa popote. Lakini huku ziwani ongezeni kichocho muone. Aliyekulia Ukerewe akioga na kufua ziwani anaujua ugonjwa huo kwa jina, na hahitaji kubembelezwa. Dawa yake, prazikwanteli, ipo, ingawa akirudi kwenye maji yenye vimelea anaweza kuupata tena. Wa chumba cha baridi watataja mgongo na magoti, wasikilizeni.

Meneja naye aje?

Aje, apange foleni, akunje shati apimwe kama wengine. Asije tu kukaa mlangoni na daftari la mahudhurio.