Ukitaka kupima utafiti wa jimbo, anza na daftari la mashine

Kazi yangu ni kutathmini miundombinu ya utafiti na ubunifu ya majimbo ya Marekani, na swali la kwanza ninaloulizwa karibu kila mara ni jimbo gani linatumia hela nyingi. Namba hiyo ni rahisi kuipata, unachukua matumizi yote ya utafiti unagawa kwa pato la jimbo, basi, orodha ishapatikana. Sasa icheki New Mexico. Kwa kipimo hicho iko juu sana, na sababu kubwa ni maabara mbili za serikali ya shirikisho, Los Alamos iliyoanzishwa 1943 kwa ajili ya bomu la atomiki, na Sandia. Wanasayansi wapo na ni wazuri mno, ila sehemu kubwa ya kazi yao ni ya ulinzi, nyingine ni siri kabisa, kwa hiyo usitegemee kampuni ndogo ya jirani itafaidika nayo hivihivi. Ukimpelekea gavana asilimia hiyo peke yake umempotosha.

Ndo maana mimi hela naiweka pembeni kwanza, naenda maabara kuomba daftari la mashine, lile linaloandikwa nani kaitumia na lini. Tuseme chuo kina hadubini ya elektroni, ile ya kuonea vitu vidogo mno, kwenye ripoti imeandikwa "ipo". Haya, nani anaibuku? Ukikuta wiki nzima ni profesa mmoja na wanafunzi wake, hiyo ni mashine ya profesa, si ya jimbo, hata kama jimbo ndo lililotoa hela. Natafuta majina ya watu wa idara nyingine, wa vyuo vidogo visivyo na uwezo wa kununua ya kwao, wa kampuni, halafu nauliza kama bei ya saa moja kwa mtu wa nje imeandikwa sehemu anayoweza kuiona au mpaka amjue mtu.

Halafu fundi. Hapa ndo majimbo mengi yanaumia na hakuna anayesema! Ruzuku nyingi zinanunua mashine, sevisi na mshahara wa fundi wanaachiwa chuo, hela ikiisha fundi anaenda zake kwenye kampuni binafsi na ujuzi wake wote anaondoka nao. Mashine ya NMR kwa mfano, ile inayochunguza muundo wa molekuli kwa sumaku kali, sumaku yake inakaa ndani ya heliamu ya kimiminika ambayo lazima iongezwe mara kwa mara, ikipungua kupita kiasi sumaku inapoteza nguvu yake na kuirudisha ni gharama kubwa sana. Kwenye orodha ya mali bado itasomeka ipo.

Upande wa ubunifu, tangu sheria ya Bayh-Dole ya 1980 vyuo vinaweza kumiliki hataza (patent) za uvumbuzi uliotokana na hela za shirikisho, kwa hiyo wengi wanahesabu hataza. Mimi naona afadhali uulize leseni ngapi za kampuni kutumia uvumbuzi huo zimesainiwa na ilichukua muda gani kuanzia barua ya kwanza mpaka saini, maana kampuni changa haina miezi ya kusubiri mawakili wa chuo.

Na jamani, muda. Research Triangle Park ya North Carolina, eneo la maabara na kampuni za utafiti, ilianzishwa 1959, katikati ya chuo cha Duke, cha Chapel Hill na kile cha Raleigh, na kampuni ya kompyuta ya IBM ikaja kutangaza kwenda huko 1965. Mtu angeipima baada ya miaka mitatu angesema imefeli. NSF nayo, shirika la serikali ya shirikisho linalotoa ruzuku za sayansi, ilianza mpango wa EPSCoR mwishoni mwa miaka ya 1970, na majimbo ya kwanza yalikuwa 5, Arkansas, Maine, Montana, South Carolina na West Virginia, ili kuyainua yale yanayopata ruzuku kidogo, na mpaka leo mpango upo, yaani hii kazi haiishi ndani ya muhula mmoja wa gavana.

Kwa hiyo nikiulizwa jimbo lenye hela kidogo lianzie wapi, huwa nasema kabla ya jengo jipya liweke mishahara ya mafundi wa maabara kwenye bajeti ya kudumu, na kila mashine iliyonunuliwa kwa kodi ya jimbo iwe na ratiba ya kubuku iliyo wazi kwa chuo chochote na kampuni yoyote ya hapo.